Doto Yuko Wapi

Huku kwetu ukitaja jina la Kulwa, swali linalofuata halikawii: Doto yuko wapi? Muuza nyanya atauliza, konda atauliza, padri naye atauliza hali mkono bado uko juu anabariki. Hawana ubaya. Kulwa na Doto ni majina ya mapacha, na mtu akimwona mmoja anaanza kumtafuta wa pili kwa macho, kama unavyotafuta kandambili ya pili mlangoni. Nilikua nikiliuliza swali hilo mimi mwenyewe, tena kwa kicheko.

Wangu walikuwa wawili mpaka mvua za mwaka juzi. Doto alianza kulalamika kichwa siku ya Jumapili, tukampeleka hospitali, wakasema ni malaria na imepanda. Jumatano tulimzika. Alikuwa darasa la tatu. Mtoto aliyefuata angeitwa Shija, kama ilivyo desturi kwa anayezaliwa baada ya mapacha, lakini Mungu hakutupa Shija. Tukabaki na Kulwa.

Pale mtaani kwetu Nyahanga, Kahama, hakuna aliyetuuliza kitu, kwa sababu mtaa mzima ulikuja kuzika. Shida ilikuwa namna ya kuniita. Jina langu ni Asteria, lakini tangu nijifungue hakuna aliyelitumia, nilikuwa Mama Mapacha hata kwa wanaonidai. Baada ya msiba wengine wakahamia Mama Kulwa. Wengine wakawa wanaanza, "Mama Ma..." halafu wanakohoa. Nilikuwa nauza mchele mashineni, na wateja wangu wote ghafla wakapata kikohozi. Walioniita jina jipya walinikera, walioniita la zamani walinikera pia, na waliokohoa ndio walionikera kuliko wote.

Mume wangu Ngassa alikuwa dereva wa malori makubwa mgodini Buzwagi. Mgodi ulipofungwa akahangaika huku na huko, akapeleka dagaa Buseresere, wakamshinda wenye kazi yao, mwisho akapata kazi Mwanza ya kuendesha gari la kuchanganyia zege. Akapiga simu, akasema tuhamie. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Nyumbani kulikuwa na kitanda cha dabodeka, Kulwa akilala chini na juu kumetandikwa vizuri hakuna mtu, na mimi ndiye niliyekuwa nafua mashuka ya juu. Nilitaka kwenda mahali ambapo kitanda kile hakitaingia mlangoni.

Desemba shule zilipofunga tukaenda kutafuta. Tulifikia Buhongwa kwa wifi yangu Martina, dada yake Ngassa. Ngassa alikuwa anatoka alfajiri na kurudi amejaa simenti mpaka kwenye nyusi, kwa hiyo kazi ya shule ikawa yetu wanawake. Martina ana watoto wakubwa, na maoni anayo ya kuwatosha majirani wote.

"Shule ya serikali ni hapo tu, anakwenda kwa miguu," alisema akimenya viazi. "Ila darasa moja mia na ushee. Mwalimu akifika kumjua mtoto wako, mtoto ameshamaliza la saba. Bweni, wanakufundishia adabu, lakini utamwona kwa likizo. Ingilishi midiamu, hizo ni za mabasi ya njano. Mtoto anarudi nyumbani anakusalimia huelewi kama amekutukana."

"Na wewe ungempeleka wapi?"

"Mimi? Mimi ningempeleka anakopendwa. Sasa hiyo shule kaitafute."

Tukaanza na ya karibu. Mwalimu mkuu alikuwa anaitwa Mayala, Msukuma mwenzetu, mzee mwenye tumbo la amani. Akanisalimia kwa lugha ya nyumbani, "Mwangaluka, mayu," nikajisikia nimefika. Kulwa akaamkia, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unaitwa nani, binti?"

"Kulwa."

Mzee akafurahi mpaka akasimama. "Mabasa! Mapacha hao! Na Doto yuko wapi?"

Martina akakohoa. Mimi nikafungua kinywa, kikatoka kitu ambacho sikukituma.

"Hakuja," nikasema.

"Mleteni! Mimi sitenganishi mapacha. Nitawaweka dawati moja, na mtu asiwaguse." Akamgeukia Kulwa. "Kamwambie mwenzio mwalimu anamsubiri."

Mtoto alikuwa anaangalia kalenda ya ukutani. Ningeweza kumrekebisha mzee yule pale pale, sentensi moja tu. Lakini nilishajua kinachofuata: sura inaanguka, mtu anajilaumu, na wewe mfiwa unamshika mkono kumwambia haidhuru, baba, hukujua. Nilikuwa nimechoka kuwafariji watu kwa msiba wangu. Nikaaga.

Barabarani Kulwa akanivuta kitenge.

"Mama, kwa nini umesema hakuja?"

"Ningesemaje?"

"Ungesema amekufa."

Wifi akajifanya anatafuta kitu mkobani. Mimi nikasema jua kali, tuongeze mwendo.

"Sasa tukirudi," mtoto akaendelea, "mwalimu atakuwa ameweka dawati la watu wawili."

Alisema kweli. Shule iliyokuwa karibu kuliko zote, isiyotaka ada, yenye mzee mwema, nikawa nimeifunga kwa neno moja. Martina alisema niende peke yangu kesho yake nikamweleze. Nikamwambia ndiyo, na sikwenda.

Ya pili ilikuwa ya bweni, wasichana watupu, nje ya mji, ina miti mingi na ukimya wa kutisha. Safari hii nilijitayarisha. Nilimwambia Kulwa, "Ukiulizwa, nitajibu mimi." Lakini matroni hakuniuliza mimi. Mwalimu mmoja alinipeleka kunionyesha mabafu na kunisifia maji ya kisima, niliporudi nikamkuta matroni amepiga magoti sakafuni anamkumbatia mwanangu, analia kwa sauti. Kumbe amemuuliza, na mtoto amemjibu kama ilivyo. Akaja matroni wa pili, akaelezwa, naye akaanza. Wakashikana mikono wakasali. Mwanangu katikati alikuwa anampigapiga yule wa kwanza mgongoni, taratibu, kama mtu mzima anayembembeleza mtoto alale.

Tukatoka mpaka kituoni.

"Mama, kila siku nitakuwa nawaambia watu?"

"Si kila siku. Mpaka wazoee."

"Wako wangapi?"

"Nani?"

"Watu wa Mwanza."

Jamani. Nilimwambia ni wengi. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kazi akaona ukubwa wake. Ndipo nikakata shauri, na nilikata mwenyewe, sikumshirikisha Ngassa wala wifi. Niliona mtoto wa miaka kumi hawezi kubeba kaburi kwenye jina lake na kulifungua kila anaposalimiwa. Mpaka leo bado naona nilikuwa na sababu.

Cheti chake kimeandikwa Esta Kulwa Ngassa. Esta ni la ubatizo, kama Doto alivyobatizwa Mariana, na halikuwahi kutumika ila siku alipobatizwa na siku alipopokea komunyo. Kulwa hatukulichagua, lilikuja naye. Shule ya tatu ilikuwa ya mabasi ya njano, na getini kulikuwa na bango la watoto wanaocheka, kila mmoja ameandikiwa alama zake kifuani, wamepauka kwa jua. Kabla hatujaingia nikachuchumaa nikamfuta vumbi viatuni.

"Hapa wakikuuliza jina, sema Esta."

"Lile la kanisani?"

"Ni lako."

Akafikiri. "Na Doto ataitwa Mariana?"

"Doto hataulizwa," nikasema. "Ndiyo maana yake."

Akaangalia viatu vyake. Halafu akasema sawa, mama. Hakubisha hata kidogo, na mimi nikafurahi kwamba hakubisha.

Mwalimu wa taaluma alikuwa dada mmoja wa Tarime, Mwalimu Ghati, mkavu kidogo wa maneno, lakini macho yake yalimtazama mtoto na si viatu vya mama. Alichukua cheti, akasoma.

"Esta Kulwa Ngassa."

"Esta Ngassa inatosha," nikasema haraka. "Hilo la katikati ni la nyumbani tu."

Akaandika. Mtu wa Tarime hana haja na Kulwa, hakunusa kitu. Akampa mtoto hesabu, akazipata zote. Akampa kusoma Kiingereza, kikamkaba. Akasema itabidi arudi darasa la tatu mpaka lugha ikae, na kwamba wote wanaotoka shule za Kiswahili huwa hivyo, nisione vibaya. Sikuona vibaya. Halafu, ili kumchangamsha tu, akamuuliza:

"Kwenu mko watoto wangapi, Esta?"

Mtoto akanitazama. Mimi nikaangalia zipu ya mkoba wangu. Ningeweza kusema lolote, hata kukohoa kama wateja wangu wa mchele, angalau nimsaidie. Nilifungua zipu, nikaifunga.

"Niko peke yangu," akasema.

"Hukupata hata mdogo wa kukusumbua?"

"Hapana, mwalimu. Niko peke yangu siku zote."

Mwalimu Ghati akacheka, akasema basi shuleni atapata ndugu wengi. Akatupa nafasi pale pale. Nje ya geti mwanangu alinishika mkono akaniuliza, "Mama, nimejibu vizuri?"

Nikamwambia vizuri sana. Nikamnunulia soda. Akanywa nusu, akanirudishia chupa, maana tangu wadogo nilikuwa nawanunulia soda moja, nusu ya Kulwa, nusu ya Doto. Niliimaliza mimi. Ilikuwa ya moto.

Ngassa nilimweleza jioni, akiwa ananawa miguu. Alisugua kisigino kimoja mpaka maji yakapoa.

"Jina la Kulwa si letu kulifuta, mama," akasema. "Alikuja nalo."

"Wewe hukumwona akimbembeleza matroni."

"Sikumwona."

"Basi."

Angenigombeza ningepata pa kushika. Aliinuka akaenda kutandaza taulo uani, na ada ya shule ile akaanza kuihangaikia bila kunung'unika, akichukua hata kazi za Jumapili. Mimi nikarudi Kahama kufunga mizigo. Kitanda cha dabodeka nilikiuza kwa jirani mwenye watoto wengi.

Januari Esta akaanza shule. Namwita Esta kwa sababu ndilo jina lililoamka, likavaa soksi nyeupe, likapanda basi. Wiki za mwanzo nilikuwa nasimama dirishani tangu mchana nikisubiri basi lirudi. Lakini hakurudi analia. Alirudi na wimbo, kesho yake na shoga, anaitwa Klara, halafu na mashoga watatu, wakawa wanaruka kamba mbele ya nyumba tuliyopanga mpaka jua linazama. Akanenepa. Kikohozi cha watu kikaisha. Mtaani wakaanza kuniita Mama Esta, na mimi nikaitika kama vile nimezaliwa naitwa hivyo. Niseme ukweli, nilijisifu. Nilimwambia Martina, "Umeona?" Martina akasema ameona, bila kuniangalia.

Mambo madogo yalikuwepo, nikayapita. Siku moja Ngassa alirudi mapema, akawakuta wanaruka kamba, akaita kwa furaha, "Kulwa!" Mtoto aliendelea kuruka. Aliita tena. Usoni alikuwa amesikia, maana mguu ulikosa hatua, lakini aligeuka kumwangalia Klara. Baadaye ndani akamwambia baba yake kwa adabu kabisa, mikono nyuma, "Baba, mbele ya wenzangu usiniite hivyo."

"Nikuite nani?"

"Esta."

Ngassa akasema sawa, Esta. Alikwenda kukaa kwenye gari la jirani lililoharibika, peke yake, redio haina betri.

Na bibi yake, Mama Mbuke, akipiga simu kutoka kijijini husema vile vile, "Nipe Kulwa wangu." Esta alikuwa anapokea simu, anasema, "Bibi, shikamoo," anasikiliza, anajibu ndiyo na hapana, anarudisha. Siku moja alinirudishia simu bibi akiwa bado anaongea. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Si ananiulizia mtu mwingine." Nilimwambia aache utundu, nikaendelea kuchambua maharage.

Kabla ya Pasaka tukaitwa kikao cha wazazi. Nilivaa kitenge changu cha harusi ya mdogo wangu, nikapaka mafuta. Ngassa alikuwa kazini. Kikao kilikuwa kirefu, michango, basi bovu, kucha zisizokatwa, baba mmoja akalalamika nusu saa kuhusu chapati. Kilipokwisha Mwalimu Ghati akaniomba nibaki. Nikajua ni Kiingereza. Nilikuwa nimeshapanga la kumjibu.

"Kiingereza kinakuja vizuri," akasema. "Hesabu ndio usiseme, anawafundisha wenzake. Sikukuita kwa hilo, Mama Esta." Akavuta kiti akakaa karibu yangu badala ya kukaa nyuma ya meza. "Nimekuita nikuombe radhi. Siku ile ya kwanza nilimuuliza mtoto maswali ya ovyo. Sikujua."

"Hukujua nini, mwalimu?"

"Wiki iliyopita kila mtoto alisimama mbele kueleza familia yake. Esta akasema alikuwa na dada zake mapacha, Kulwa na Doto, na wote wawili wamefariki." Akasukuma kando daftari la darasa lililokuwa mezani. "Alieleza vizuri, hakulia hata tone. Sisi ndio tulilia. Alisema Doto ndiye aliyeanza, kwa malaria, huko Kahama. Nikamuuliza, na Kulwa? Akasema Kulwa alibaki baada ya Doto, lakini si muda mrefu. Akasema Kulwa alifia hapa Mwanza, mwezi wa kumi na mbili, mkiwa mnatafuta shule."

Niliusikia mti wa nje ukisugua bati la paa.

"Klara akamuuliza mlimzika wapi. Akasema hamkumzika. Nikawanyamazisha, nikajua mtoto amechanganyikiwa kwa uchungu. Mama, mapacha wote wawili! Na mkaja hapa mmekaa mbele yangu, hamsemi. Pole. Pole sana."

Nilitaka kumwambia kwamba Kulwa yuko hai. Nilitaka kusimama juu ya kile kiti nipige kelele kwamba anakula, ananenepa, anapata hesabu zote, yuko kwenye daftari lako lile pale, mwalimu, nimemwandikisha kwa mkono wangu. Maneno yalikuwepo. Lakini mlangoni alikuwa amesimama binti, begi mgongoni, soksi zimevutwa mpaka magotini, amekuja kunichukua. Sijui alikuwa amefika muda gani. Alikuwa ananitazama kuona nitajibu nini, na nilielewa kwamba nikisema neno lingine lolote nitamfanya mwongo mbele ya mwalimu wake, kwa jambo nililomfundisha mwenyewe.

"Asante, mwalimu," nikasema. "Tumeshapoa."